Uso Ulioota Kwenye Sahani

Saa mbili na robo asubuhi Bi Sahani alifungua kabati la joto, akatoa sahani za jana moja moja na kuzipanga mezani kwa kufuata namba. Zilikuwa ishirini na sita. Ni sahani ndogo za plastiki, upana wake haupiti kiganja, na ndani yake mna rojorojo nyekundu iliyochanganywa na damu ya kondoo, maana vijidudu navyo ni walafi, havioti bila kulishwa. Kila sahani aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa chini, akaitazama kwa juu, halafu akainusa kwa mbali. Kunusa kumekatazwa, na hakuna mtu wa maabara asiyenusa. Sahani ya kitanda cha pili, wodi ya watoto wachanga, ilikuwa imeota uso wa Daktari.

Akaandika kwenye daftari: "Koloni kubwa, zenye utelezi kama kamasi, rangi ya maziwa. Umbo: Daktari wa wodi ya watoto, anatazama mbele." Kisha akachukua sahani ya kitanda cha tano. Uso ulikuwa uleule, ila hapa Daktari alikuwa amegeuka kidogo kushoto.

"Hebu njoo uone," alimwita Mzee Hadubini, aliyekuwa kwenye meza ya dirishani akisafisha lenzi zake kwa karatasi laini.

Mzee Hadubini alikuja polepole, akavaa miwani, akainama. "Ndiye," alisema. "Kidevu kimeongezeka."

"Na hii hapa."

"Hapo ametoka vizuri zaidi. Rudia."

Hiyo ndiyo sheria ya maabara: jambo lisilo la kawaida hurudiwa mara tatu kabla ya kuandikiwa ripoti. Bi Sahani akachoma kitanzi chake cha waya kwenye moto mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe, akachota kidogo kwenye sikio la Daktari na kupanda sahani mpya. Chembe nyingine akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akampa Mzee Hadubini aiangalie. Vilionekana vijifito vya waridi, vifupi, vinene, kila kimoja kimejifunika koti lake la ute. Walikuwa klebsiela, kabila linalojulikana wodini kama mlevi anavyojulikana mtaani. Kwenye hadubini hapakuwa na uso wowote. Kijidudu kimoja hakina sura ya mtu. Sura hutokea wakishakuwa wengi.

Siku ya pili uso ukaota tena, na siku ya tatu ukaota tena, safari hii ukiwa umechoka kidogo chini ya macho, kama mtu aliyekosa usingizi.

Bi Sahani alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Jina lake halisi lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu. Alikuwa mwembamba, mkali, mtandio wake daima umefungwa nyuma, na kalamu yake ya wino mweusi usiofutika ilikaa nyuma ya sikio la kulia tangu anaingia mpaka anatoka. Kalamu hiyo ilikuwa na kazi moja: kuandika namba ya mgonjwa chini ya sahani. Si juu ya kifuniko. Mfanyakazi mpya akiandika juu ya kifuniko, Bi Sahani humnyang'anya sahani na kumwambia mbele ya watu, "Kifuniko kinatembea, mwanangu. Leo kiko hapa, kesho kimefunika sahani ya mwenzie, na mgonjwa wa figo anapewa dawa ya mgonjwa wa kifua. Tako la sahani haliendi popote. Andika takoni." Watu walicheka, lakini waliandika takoni.

Nyuso hazikuanzia kwa Daktari. Mwezi mmoja kabla, sahani ya kitanda cha nane iliota uso wa mama mfagizi wa wodi ile, na kilemba chake, na hata kovu lake la nyusini. Bi Sahani aliandika alichokiona. Ripoti ilipelekwa saa nne, na saa sita mama mfagizi alikuwa getini na mfuko wake wa nguo, amefukuzwa. Hakukuwa na kikao. Wote walikubaliana kwamba uso ni wa yule aliyemfikisha kijidudu kwa mtoto, na kwamba hiyo ni njia nzuri, ya haraka, isiyohitaji vifaa vipya.

Sasa uso ulikuwa wa Daktari, na mambo yakawa mengine.

Daktari huyu alikuwa mtu mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalokera. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye pengo la meno ya mbele na pete pana ya fedha, na wazazi wa wodi nzima walimwita Baba wa Wote. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akambana kila mtoto shavu kwa vidole viwili. Kina mama walilisubiri jambo hilo kuliko dawa. Mtoto aliyebanwa shavu na Baba wa Wote, walisema, hafi. Karibu na mlango wa wodi palikuwa na sinki lenye sabuni na taulo za karatasi, na Daktari alilipita sinki lile kila siku kama mtu anavyompita jirani anayemdai salamu. Alikuwa na haraka. Kutoka shavu la kwanza mpaka shavu la kumi na mbili, vidole vilikuwa vilevile viwili, na pete ni ileile.

Mtoto wa kitanda cha pili alifariki Jumanne. Wa kitanda cha tano akafuata Alhamisi. Wa kitanda cha saba alikufa Jumatatu iliyofuata, mikononi mwa mama yake, akiwa na alama ndogo ya wekundu shavuni. Watatu, ndani ya siku saba. Na sahani zote tatu zilikuwa zikicheka kwa pengo.

Bi Sahani alizipanga kwenye sinia, akazifunika kwa kitambaa safi na kuzipeleka kwenye kikao cha uongozi. Alizoea kupeleka sahani mbaya, lakini si za aina hii. Alipofunua kitambaa, watu saba wa uongozi waliinama, wakatazama. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje. Aliyezungumza wa kwanza ni Daktari mwenyewe, naye akiwa mmoja wa wale saba.

"Mmenifanya mzee," alisema, akicheka. "Hii ya katikati si mbaya. Mnaweza kunitolea nakala?"

"Daktari," Bi Sahani alisema, "watoto hawa wamekufa."

"Najua. Nilikuwepo. Nililia." Na kweli alikuwa amelia, manesi walimwona.

"Sinki liko mlangoni. Ni kunawa tu. Kitanda hadi kitanda, nusu dakika."

"Bi Sahani, mimi nina watoto kumi na wawili wodini na kliniki ya watu sitini inayonisubiri. Ukitaka ninawe mara kumi na mbili, nitawatibu lini?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hakuna anayeficha," alisema mkuu wa utawala, mtu wa suti na sauti laini. "Tunachosema ni kwamba kutambua uso ni jambo la kitaalamu. Wewe mtaalamu wa vijidudu. Nyuso, je? Ulizisomea wapi?"

Bi Sahani alisimama mbele ya watu wazima saba, waliokula naye chai miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyemtazama machoni. Mama mfagizi alitambulika kwa saa mbili. Mtu ambaye picha yake imetundikwa kwenye kila korido ya jengo lile alikuwa hatambuliki. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwunguza, na alipofungua mdomo atukane, kikao kilikuwa kimeshafika ajenda ya vyoo.

Wiki ile ikatoka fomu mpya. Ilikuwa na safu ya jina, safu ya kijidudu, safu ya dawa inayofaa, na safu mpya iliyoandikwa "Uso". Maelezo yaliambatishwa. Uso ukitambulika, ripoti yote, pamoja na dawa yake, isubiri Kamati ya Nyuso, inayokutana kila baada ya miezi mitatu. Uso usipotambulika, ripoti itoke siku hiyohiyo, kwa saini ya mwenyekiti. Mwenyekiti wa Kamati ya Nyuso alikuwa Daktari.

"Mimi siandiki uongo," Bi Sahani alimwambia Mzee Hadubini.

"Basi nipe mimi," alisema Mzee Hadubini, akavuta fomu. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na mtu wa miezi mitano hutia saini chochote kilicho mbele yake, hata gunia la mkaa. "Ukisubiri kamati, mtoto anakufa bila dawa. Ukiandika 'hautambuliki', dawa inatoka leo. Mimi nimechagua dawa."

"Na kesho ataambukizwa mwingine."

"Kesho nitaandika tena. Nyani haoni kundule, dada yangu, na sisi hatukuajiriwa kumshikia kioo."

Kwa wiki nne Bi Sahani hakumsemesha, ila kwa mambo ya kazi. Sahani kumi na moja ziliota uso wa Daktari. Mzee Hadubini alitia saini zote kumi na moja.

Wiki ya tano, mdogo wake Bi Sahani akajifungua.

Alikuwa mdogo wake wa pekee, tumbo moja. Alikuwa ametafuta mtoto miaka tisa, mimba nne zikiharibika, na kila ilipoharibika ni Bi Sahani aliyelala naye chumba kimoja mpaka atoke kitandani. Mtoto huyu alikuja wiki saba kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kike, kilo moja na robo, ngozi nyembamba hata mishipa ilionekana ikifanya kazi. Akalazwa kitanda cha nne.

"Nisikilize vizuri," Bi Sahani alimwambia mdogo wake siku ile ya kwanza, akiwa ameinama sikioni. "Daktari asimguse."

"Baba wa Wote? Dada, watu wanaomba kuguswa naye!"

"Asimguse. Funika mtoto, sema amelala, sema ana baridi, sema mila ya kwenu. Sema lolote."

"Kwetu ndiko kwako, na mila hiyo siijui."

"Basi itunge. Na mtu asimshike mwanangu bila kunawa mbele yako."

Mdogo wake alikuwa mtu wa kutii. Daktari alipofika, alivuta blanketi na kusema kwao mtoto habanwi shavu kabla ya siku arobaini. Daktari alicheka, akasema hajawahi kuisikia hiyo, akaenda kitanda cha tano. Kina mama wengine walimwonea huruma. Walimwona mwanamke anayemnyima mwanawe bahati.

Bi Sahani alikuja kila siku saa saba mchana. Wageni hawakuruhusiwa, lakini hakuna mlango unaolikataa koti jeupe. Alisimama sinkini akanawa mpaka viwiko huku akihesabu hadi sitini, akakausha kidole kwa kidole. Manesi walimtazama wakacheka chini chini. Kisha alikwenda kitanda cha nne kumkagua mpwa wake kama anavyokagua kila kitu, kwa chini na kwa juu.

Kilichomsumbua ni utepe wa namba. Mguu wa mtoto ulikuwa mwembamba kama kidole cha mtu, na utepe ulimvuka kila alipopiga teke. Mara mbili Bi Sahani aliukuta umedondoka shukani. Moyo ulimpasuka. Utepe ni kama kifuniko. Leo uko hapa, kesho uko kwa mwenzie, na mtoto wake anapewa dawa ya mtoto wa mtu. Basi akafanya alichokifanya miaka ishirini na miwili. Alimwinua mtoto mguu, akatoa kalamu nyuma ya sikio, na kwenye unyayo, mahali ambapo hapaendi popote, akaandika 4.

"Unamwandika kama sahani!" mdogo wake alicheka.

"Sahani zangu hazijawahi kupotea."

Wino wa kuandikia plastiki haukai sana kwenye ngozi. Kila siku saa saba namba ilikuwa imefifia kwa kusugua blanketi, na kila siku saa saba Bi Sahani aliiandika upya, taratibu, kwa ncha ya kalamu, juu ya ngozi ile laini kama utando wa yai.

Siku ya tisa mtoto alikataa kunyonya. Jioni mwili wake ukawa wa baridi. Wakamtoa damu, kidogo tu, matone yasiyojaza kifuniko cha soda, wakaiweka kwenye chupa na kuileta maabara. Wakamwanzishia dawa ya kawaida, ambayo Bi Sahani alijua haifanyi kitu kwa kabila lile. Asubuhi yake majimaji ya chupani yalikuwa yamechafuka, dalili kwamba vijidudu vimeota. Akapanda sahani kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii akaweka palepale na vidonge sita vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, ili asipoteze siku ya pili kutafuta dawa ipi inaua. Akaandika 4 takoni. Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la korido, amekaa wima, hali wala hanywi.

"Atapona, dada?"

"Kesho saa mbili nitajua jina la dawa. Vumilia mpaka kesho."

Hakusema kingine alichokitaka. Alitaka uso. Alitaka kumwona Daktari kwenye sahani ya kitanda cha nne, ajue ni lini alipopenya, ni nesi gani aliyefunua blanketi, kisha aibebe sahani hiyo mtaani, kituo cha polisi, popote, maana safari hii ilikuwa damu yake.

Saa mbili asubuhi alifungua kabati la joto. Aliruka sahani zote, akachukua ya nne na kuiinua dirishani.

Koloni kubwa, zenye utelezi kama kamasi, rangi ya maziwa. Aliutafuta mdomo wenye pengo, hakuuona. Aliutafuta unene wa kidevu. Uso ulikuwa mwembamba. Ulikuwa na mtandio uliofungwa nyuma, na mashavu yaliyoingia ndani, na nyuma ya sikio la kulia palikuwa na mstari mnyoofu uliotokeza juu kidogo, mfano wa kalamu. Kati ya vile vidonge sita, kimoja tu kilikuwa kimewazuia wadudu, cha chini, na duara safi lililokizunguka lilikuwa limefuta mdomo wote.

Kichwani mwake mwenyewe alikuwa amevaa mtandio uleule.

Bi Sahani hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli. Alitoa kalamu nyuma ya sikio na kuiangalia. Kalamu ile alikuwa akiishika kwa mikono ya glovu, na glovu zilikuwa zimeshika sahani, na sahani zilikuwa za kitanda cha pili na cha tano na cha saba na zile kumi na moja za baada yake. Alikuwa ananawa mpaka viwiko, anahesabu mpaka sitini, kisha anapeleka mkono sikioni. Kila siku. Saa saba kamili. Juu ya ngozi iliyo kama utando wa yai. Sauti ya mdogo wake ilikuwa ikicheka masikioni mwake, unamwandika kama sahani.

Mzee Hadubini alikuja, akavaa miwani, akainama.

"Mtandio umetoka vizuri," alisema. Akamletea glasi ya maji na kurudi kwenye lenzi zake.

Fomu ilikuwa mezani. Bi Sahani akajaza namba, akajaza kijidudu, akajaza dawa, ile ya kidonge cha chini. Alipofika safu ya Uso, kalamu ikasimama. Akachukua fomu na sahani, akapanda ngazi kwenda ofisi ya mwenyekiti wa Kamati ya Nyuso.

Daktari alikuwa anakunywa chai. Aliipokea sahani kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye taa ya meza. Aliitazama sahani, akamtazama Bi Sahani, akaitazama sahani tena. Hapakuwa na kejeli usoni mwake, na hilo lilimwumiza zaidi. Angekejeli, angepata cha kushika.

"Kitanda cha nne," alisema. "Yule wa siku arobaini."

"Ni mtoto wa mdogo wangu."

"Pole sana." Alikuwa anamaanisha. "Ana hali gani?"

"Anakwenda, Daktari. Dawa niliyoandika hapo ndiyo pekee. Anaihitaji sasa hivi."

"Sheria unaijua. Ukiutambua uso huu, ripoti inasubiri kamati. Kamati ni mwezi ujao, tarehe ishirini." Akaisogeza sahani katikati ya meza, kati ya kikombe na kopo la sukari. "Mimi simtambui huyu. Wewe unamtambua?"

Ningependa kusema alifanya alichokifanya kwa ajili ya mtoto. Nusu ni kwa ajili ya mtoto. Nusu nyingine aliiona wazi kabisa wakati ule amesimama kwenye zulia: mdogo wake akisoma jina kwenye karatasi, na miaka tisa, na mimba nne, na mama mfagizi getini na mfuko wake wa nguo. Nusu hiyo ilikuwa yake peke yake.

"Hapana," alisema Bi Sahani. "Simtambui."

"Andika basi."

Aliinama juu ya meza ya Daktari, akaandika "Hautambuliki" kwa mwandiko wake mzuri wa miaka yote. Daktari akatia saini. Akamrudishia sahani na kumfungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Dawa ilianza kuingia saa tatu kasorobo. Sahani ile Bi Sahani aliitia kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, pamoja na takataka nyingine za siku ile, na kalamu akaitumbukiza humohumo. Siku mbili mtoto alikuwa katikati, huku si wake wala kule si wake. Siku ya tatu alilia, sauti kama ya mlango mkavu, na wodi nzima ikamsikia. Mdogo wake alikuja mbio mpaka maabara, mahali ambapo wageni hawaingii, akamkumbatia Bi Sahani mbele ya sahani ishirini na sita.

"Umemwokoa, dada. Wewe ndiye mama yake, mimi nimemzaa tu."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema mpaka nife."

Mtoto akaongezeka. Siku ya kumi na moja tangu apate dawa alikuwa kilo moja na nusu, ana ghadhabu, anavuta nywele. Bi Sahani aliendelea kwenda wodini, lakini sasa alisimama miguuni pa kitanda na mikono yake mifukoni. Mdogo wake alipomwambia ambebe, alisema ana mafua. Siku ya pili alisema ana mafua. Mafua yale yakawa ya kudumu, na mdogo wake akaacha kuuliza.

Asubuhi ile ya kumi na moja Bi Sahani alikuja mapema, moja kwa moja kutoka kwenye kabati la joto. Alikuwa ameona sahani ya kitanda cha tatu. Ilikuwa na kidevu, na pengo, na macho yaliyochoka. Aliikuta imeshaandikiwa fomu. Mzee Hadubini alikuwa amewahi. Bi Sahani aliisoma fomu ile, akaiweka pale pale alipoikuta.

Sasa Daktari alikuwa kwenye kitanda cha tatu. Alimsogeza mtoto mpira wa puani, akamfuta ute kwa kidole gumba, akambana shavu. Mama wa kitanda cha tatu akamshukuru. Daktari akajipangusa kwenye koti, akaja kitanda cha nne, akasimama mbali kidogo kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa na wenyeji wasiyoyapenda.

"Siku arobaini bado?" aliuliza kwa utani.

Mdogo wake alivuta blanketi kwa mazoea. Kisha mkono ukasita. Akamgeukia Bi Sahani, akashusha sauti, ingawa kwenye wodi ile hakuna sauti isiyosikika.

"Dada, mimi niliisoma ile karatasi. Iliandikwa uso hautambuliki, na ni wewe uliyeandika. Kwa hiyo hakuwa yeye. Na saini ya dawa ni ya kwake." Macho yalimjaa machozi ya aibu. "Nilimdhania mtu vibaya, na yeye ndiye aliyeniokolea mwanangu. Siku zote hizi nimemnyima baraka bure."

Kina mama wa vitanda vya jirani waliacha walichokuwa wakifanya. Daktari alisubiri. Vidole vyake viwili vilikuwa tayari, bado vina unyevu, na alimtazama Bi Sahani kwa upole, kama mtu anavyomtazama mwenzake wa ofisi. Sinki lilikuwa hatua nane. Bi Sahani aliziona zote nane, kigae kwa kigae. Ndani ya mifuko ya koti, kucha zilikuwa zimezama viganjani.

"Nimpe?" aliuliza mdogo wake.

"Mpe," alisema Bi Sahani.

Mdogo wake akafunua blanketi. Daktari akambana mtoto shavu, taratibu, kwa upendo kabisa, kisha akaenda kitanda cha tano.